Mtoto Asome Sawasawa Bila Kuogopa Kukosea: Mwongozo Kamili kwa Darasa la Kwanza na la Pili

Kila muhula naletewa madaftari ya namna mbili. La kwanza limejaa wino mwekundu toka mstari wa juu hadi wa chini, na ukifunua kurasa unaona sentensi zinavyozidi kusinyaa. Mwezi wa pili mtoto aliandika mistari minne. Mwezi wa tano anaandika "mama" na "baba" tu, kwa sababu hayo ndiyo maneno ambayo ana hakika hayatakosolewa. Daftari la pili lina vema kila mahali na "hongera" nyingi, na mtoto ameendelea kuandika "mutoto" na "gombe" mpaka akaingia darasa la tatu.

Walimu wa madaftari yote mawili wanawapenda watoto wao. Mmoja anaogopa makosa yasiote mizizi, mwingine anaogopa kumvunja mtoto moyo. Mimi nilianza kazi nikiwa mwalimu wa daftari jekundu. Kuna mtoto mmoja aliyekuwa akiniona nasogea karibu na dawati lake analalia daftari kwa mkono mzima, na ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba alichokuwa anakificha si uvivu.

Nilichokuja kukiona darasani ni hiki: sifa pekee hazimfanyi mtoto ajiamini. Anajiamini siku anapoliona kosa lake kwa macho yake na kulirekebisha kwa mkono wake. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya jambo hilo.

Na Kiswahili kinatusaidia sana. Tuna irabu 5, kila moja na sauti yake isiyobadilika, na silabi nyingi huishia na irabu. Mtoto akishazijua sauti na akaweza kuziunganisha, anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Kwa hiyo usahihi si mzigo wa kungojea darasa la nne. Mtoto wa miaka saba anaumudu, mradi tumpe kwa vipande anavyoweza kuvibeba.

## Vinavyohitajika

Andaa hivi kabla hujaanza. Hakuna cha gharama kubwa.

- Madaftari mawili kwa kila mtoto, moja la imla na jingine la hadithi zake. Kama mzazi amemudu moja tu, ligeuze: mbele imla, nyuma hadithi. Usichanganye kazi hizi mbili katika ukurasa mmoja, utaona sababu katika hatua ya tatu.
- Penseli na kichongeo. Ufutio ubaki mezani kwako. Mtoto mwenye ufutio hufuta mpaka karatasi inatoboka, na anachokifuta ndicho ulichohitaji kukiona. Mfundishe kukata kosa kwa mstari mmoja na kuandika juu yake.
- Kadi za silabi za maboksi, au visoda vilivyobandikwa karatasi. Tengeneza pia kadi za m na n zinazosimama peke yake, utazihitaji kwa "mtoto" na "nchi".
- Kipande cha karatasi ngumu cha ukubwa wa kiganja, cha kufunika sehemu ya neno.
- Maandiko mafupi ya kusoma. Vitabu vikiwa vichache, andika sentensi tano tano nyuma ya kalenda ya zamani au kwenye karatasi ya mfuko wa saruji.
- Daftari lako mwenyewe, lenye jina la kila mtoto na nafasi ya kuandika neno moja au mawili kila wiki.
- Nusu saa kwa siku. Nusu saa ya kila siku inazaa kuliko saa mbili za Ijumaa.

Swali ninaloulizwa zaidi ni rangi ya kalamu. Rangi si tatizo. Alama kumi na tano za kijani zinaumiza sawasawa na kumi na tano nyekundu.

## Hatua ya 1: Jua mtoto yuko wapi

Mwite mmoja mmoja kwa dakika tano. Usiliite zoezi hili mtihani.

Mwonyeshe irabu zikiwa zimechanganywa, kisha silabi kama ishirini bila mpangilio, kisha maneno haya kumi: kaa, meza, kitabu, mtoto, ndizi, ng'ombe, shule, chakula, mwalimu, kalamu. Mwishoni umsomee maneno matano kati ya hayo ayaandike.

Maneno hayo nimeyachagua kwa makusudi. "Kaa" linapima irabu mbili zinazofuatana, "mtoto" linapima m inayosimama kama silabi, "ndizi" linapima n na d zinazotamkwa pamoja, "mwalimu" linapima w baada ya m.

Angalizo: usipange a, e, i, o, u wala ba, be, bi, bo, bu. Watoto wengi wameikariri nyimbo hiyo, na wanaweza kuiimba wakiwa wameangalia dirishani. Onyesha "bo" kwanza, kisha "ki", kisha "me". Hapo ndipo unajua nani anasoma na nani anaimba.

Sikiliza pia kama mtoto anataja jina la herufi mahali pa sauti yake. Anayesema "be, a" atapata shida kufika "ba". Anayefumba midomo na kutoa sauti ya b, kisha akafungulia a, amefika tayari.

Umefanikiwa ukiweza kusema sentensi moja ya kweli kuhusu kila mtoto: "Huyu anajua silabi zote za herufi mbili, ila akikutana na nd anaiacha n." Kama unachoweza kusema ni "huyu mzito" au "huyu mwepesi", rudia.

## Hatua ya 2: Yapange makosa kwa mafungu

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tunaona makosa kumi kwenye ukurasa na tunadhani ni mambo kumi. Mara nyingi ni mambo mawili yaliyojirudia.

Makosa yanayotoka sikioni. Mtoto anaandika anavyosikia, au anavyotamka nyumbani. Mboga inakuwa "boga", ndege inakuwa "dege". Jambo zuri ni kwamba boga ni neno na dege ni neno, kwa hiyo unaweza kumwonyesha kosa lake kwa maana yake. Weka mchicha na boga mezani, au uvichore ubaoni, umwambie: "Umeniandikia nikuletee hili au lile?" Atacheka na ataikumbuka m.

R na l ziko humu. Lugha nyingi za Kibantu hazizitofautishi, kwa hiyo mtoto anayeandika "habali" hajazembea, sikio lake halijapewa sababu ya kuzitenga. Mpe sababu: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari. Tamka moja, yeye anyooshe kadi ya r au ya l. Fanya hivyo siku tatu bila kuandika chochote. Sikio likishatenga, mkono unafuata. Mwonyeshe na ulimi: kwenye l unagusa juu na kutulia, kwenye r unatetemeka.

Dh na z, th na s, hutibiwa kwa njia hiyo hiyo. Ncha ya ulimi itokeze kidogo kati ya meno. Mtoto aweke kiganja kooni: kwenye dh atasikia koo linatetemeka, kwenye th limenyamaza. Baada ya hapo mpe dhana na zana.

H ndiyo ninayoishughulikia mapema kuliko zote, kwa sababu ikidondoka inageuza habari nzima. "Mama ana pesa" na "Mama hana pesa" ni nyumba mbili tofauti.

M na n zinazosimama kama silabi. Msukuma husema *munhu*, Mhaya husema *omuntu*. Mtoto wa nyumba hizo akiandika "mutoto" ametumia akili yake vizuri kabisa, ametumia sheria ya lugha aliyonyonya nayo. Mwambie hivyo. Kisha pigeni makofi pamoja naye: m-to-to, makofi matatu. M-ti, mawili. N-chi, mawili. Mdomo ufumbwe kwenye m na usifunguliwe kabla ya kofi linalofuata. U haina pa kupitia.

Makosa ya jicho na mkono. Hapa kuna b na d, n na u, m na w, na kuruka herufi. Kwa b na d usitumie maneno kulia na kushoto, mtoto wa miaka sita bado anavichanganya hivyo vyenyewe. Tumia mwendo wa mkono. B ni fimbo kwanza, tumbo baadaye. D ni tumbo kwanza, fimbo baadaye. Aandike hewani kwa mkono mzima, kisha mchangani, kisha kwenye daftari, akisema maneno hayo kwa sauti.

Makosa ya mipaka ya maneno. "Ana soma", "nime kula", "kwabibi". Fikiria mtoto anavyoyaona: jana ulimfundisha kwamba "ana kitabu" ni maneno mawili, leo unamwambia "anasoma" ni moja. Kwa darasa la kwanza yaache. Darasa la pili mfundishe kuuliza: kinachofuata ni kitu au ni kazi? Ni kitu, acha nafasi: ana kitabu. Ni kazi, shikamanisha: anasoma.

Ukishapanga mafungu, chagua moja kwa kila mtoto, au moja kwa kundi la watoto wanaofanana. Mimi huchagua kwa kujiuliza maswali matatu: Je, nimeshalifundisha? Je, linageuza maana? Je, linajirudia? Ambalo hujalifundisha usilisahihishe kabisa. Kumkosoa mtoto kwa jambo ambalo hajafundishwa ni kumwadhibu kwa ratiba yako.

Umefanikiwa ukiwa na daftari linaloonyesha jina na fungu: fulani, nd; fulani, h; fulani, m ya silabi. Kundi la nd likifika watoto kumi na wawili, una somo la kesho.

## Hatua ya 3: Tenga muda wa usahihi na muda wa kuandika huru

Mtoto hawezi kwa wakati mmoja kutafuta la kusema na kulinda kila herufi. Hata sisi hatuwezi.

Panga wiki hivi: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa imla fupi kwenye daftari la imla. Jumanne na Alhamisi dakika 15 za kuandika anachotaka kwenye daftari la hadithi. Dakika zinazobaki kila siku ni za kusoma.

Waambie watoto wazi: "Daftari hili tunatafuta usahihi. Daftari hili tunatafuta habari zako." Wataelewa. Wanajua tofauti ya kucheza mpira uwanjani na kuupigapiga peke yako nyuma ya nyumba.

Katika kuandika huru nina sheria moja iliyonisaidia kuliko zote. Mtoto asiyejua neno linaandikwaje haniulizi. Analiandika anavyolisikia, kisha analipigia mstari chini. Neno lenye mstari halihesabiwi kosa. Mstari ule unasema: "Hapa sina uhakika." Mtoto anayejua mahali asipo na uhakika ameshafika mbali, maana yule asiyejua kabisa ndiye asiyepiga mstari popote.

Akikuuliza, mrudishie: "Unasikia sauti gani mwanzoni?" Asipoisikia, litamkeni pamoja polepole. Usimtajie herufi.

Angalizo: kuandika huru si kuachia. Lazima usome alichoandika, hata kama ni mstari mmoja. Daftari lisilosomwa linamfundisha mtoto kwamba kuandika ni kelele za mkono.

Umefanikiwa ukiona baada ya wiki tatu au nne mistari inaongezeka, na mistari ya chini ya maneno inaanza kuangukia pale pale penye makosa.

## Hatua ya 4: Namna ya kumsikiliza akisoma

Tatizo kubwa hapa ni mdomo wetu. Mtoto anasita, nasi tumeshamtajia. Amepata neno, ila amejifunza kwamba akisita msaada unakuja wenyewe.

Fuata utaratibu huu.

Akikwama, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani, na mara ya kwanza utahisi kama unamtesa. Vumilia. Watoto wengi hupata neno kwenye tatu au nne.

Asipopata, funika neno kwa kipande cha karatasi uache silabi ya kwanza. "Hii?" "Chu." Sogeza. "Na hii?" "Ngwa." "Unganisha." "Chu-ngwa. Chungwa!"

Asipopata bado, mtajie bila kunung'unika, kisha arudie sentensi nzima kutoka mwanzo. Kurudia sentensi ni muhimu, ili asibaki na kumbukumbu ya kukwama bali ya kupita.

Akisoma vibaya bila kusita, ngoja amalize sentensi. Usimkatize katikati ya neno. Sentensi ikimalizika na haina maana, wengi hushtuka wenyewe. Mfano uliotokea darasani kwangu, andiko lilikuwa "Mbuzi hana maji. Mbuzi analia."

"Mbuzi ana maji. Mbuzi analia."

"Ehe. Sasa maji anayo, analia nini?"

Kimya. Kidole kikarudi nyuma.

"Hapana mwalimu. Ha-na. Hana maji."

"Umejuaje?"

"Kuna h."

Swali lile la mwisho, "umejuaje?", liulize kila mara mtoto anapojirekebisha. Linamfanya aseme kwa mdomo wake njia aliyoitumia, na kesho ataitumia tena bila wewe.

Angalizo la kwanza: wenzake wasimdakie. Darasani kwangu mtoto anaposoma, wengine wanakunja vidole vitano kimoja kimoja kimyakimya. Vikiisha vyote ndipo mwalimu anasaidia. Inawashughulisha, na inamlinda msomaji.

Angalizo la pili: kusoma kwa pamoja kwa sauti ni kuzuri kwa kuanzia, kwa sababu mwoga anajificha ndani ya sauti za wenzake na kupata ujasiri. Lakini anaweza kujificha humo mwaka mzima. Baada ya kusoma wote, soma na safu moja, kisha watu wawili, kisha mmoja.

Angalizo la tatu: akikwama zaidi ya neno moja katika kila kumi, andiko ni gumu kwake. Libadilishe kimya kimya. Hakuna uvumilivu unaoweza kumpa ujasiri mtoto anayezama.

Umefanikiwa ukimsikia anarudi nyuma mwenyewe bila kuangalia uso wako. Mtoto anayesoma huku akikuangalia machoni bado anasoma uso wako.

## Hatua ya 5: Imla ndogo inayomalizwa na mtoto mwenyewe

Imla imepata jina baya kwa sababu ya namna tulivyoifanya: maneno ishirini, kusahihisha kwa haraka, kutangaza alama, wa mwisho kusimama. Imla ninayoizungumzia ina maneno matano na sentensi moja fupi, na inachukua dakika kumi.

Chagua maneno matatu ambayo watoto wanayajua na mawili yenye fungu la wiki hii. Tamka neno. Watoto walirudie kwa sauti, wapige makofi ya silabi zake, kisha waandike. Ukimaliza yote, waambie waweke kidole chini ya kila neno na kusoma walichoandika, si ulichotamka. Hapo utasikia minong'ono: "Aa, nimeandika boga." Waache wakate na kuandika juu.

Kisha fungua maneno sahihi ubaoni, neno moja kwa wakati. Kila mmoja ajisahihishe.

Hesabu silabi, usihesabu maneno. Chukua mfano huu: mboga, kitabu, mtoto, ndege, analima. Mtoto kaandika "boga, kitabu, mutoto, ndege, analima". Kwa maneno amepata 3 kati ya 5, na nyumbani hiyo ni habari ya kusikitisha. Kwa silabi, amepata 12 kati ya 14. Namba ya pili ndiyo ya kweli zaidi, maana inaonyesha anachokijua na inaonyesha pengo ni dogo kiasi gani. Baada ya kujisahihisha anaandika pembeni: 12, kisha 14.

Angalizo: usitangaze alama mbele ya darasa, na usimwambie mtoto aandike neno alilokosa mara hamsini. Nimeona mtoto akiandika "mutoto" mara hamsini kwa mwandiko mzuri. Mara tatu zinatosha: akiangalia, akiwa amefunika, na ndani ya sentensi yake.

Umefanikiwa ikiwa pengo kati ya namba ya kwanza na ya pili linapungua wiki hadi wiki, na mtoto anaweza kukuambia kosa lake la wiki hii ni lipi.

## Hatua ya 6: Kusahihisha daftari la hadithi

Tuchukue ukurasa mmoja. Mtoto wa darasa la pili ameandika:

*jana nilienda kwabibi nilikula dizi mbili mbuzi wa bibi ame zaa mapasha*

Hesabu ya kalamu nyekundu ni makosa kumi: herufi kubwa tatu za kuanzia sentensi, nukta tatu za kumalizia, "kwabibi", "dizi", "ame zaa", "mapasha". Sasa soma tena kama mtu anayetaka habari. Mbuzi amezaa mapacha! Kuna mtoto amekimbia nyumbani kukuletea habari hiyo.

Kwa hiyo jibu kwanza habari. Andika chini: *Mapacha! Wana rangi gani?* Sentensi yako inampa neno "mapacha" likiwa limeandikwa sawasawa, bila kumkata. Atakapojibu kesho, angalia kama amelinakili.

Kisha chagua kosa moja. Angalia vizuri: "mbili" ameandika sawa, "mbuzi" ameandika sawa. Sikio lake linasikia m mbele ya b. Ni n mbele ya d ndiyo inayompotea. Hilo ndilo fungu lake. Weka nukta ndogo pembeni ya mstari wenye "dizi", bila kugusa neno. Nukta inamwambia: mstari huu una kitu, kitafute. Akikipata, ni chake.

Hayo mengine tisa yaandike kwenye daftari lako. Hayajasamehewa, yanangoja zamu.

Darasa likiwa na watoto 80 huwezi kufanya hivi kila siku kwa wote, na mtu asikudanganye kwamba unaweza. Gawa: watoto 16 kwa siku, siku 5, kila mtoto anapata jicho lako mara moja kwa wiki. Siku nyingine wabadilishane madaftari wawili wawili, kila mmoja asome hadithi ya mwenzake na kumwuliza swali moja. Wasisahihishane. Watoto wakipewa kalamu nyekundu huwa wakali kuliko sisi.

Kila mwezi chagua hadithi moja kwa kila mtoto inakiliwe upya kwenye karatasi safi na kubandikwa ukutani. Hii ndiyo nafasi ya kudai kila kitu: herufi kubwa, nukta, nafasi, herufi zote. Mtoto anakubali kurudia bila kulalamika, kwa sababu kuna watu watakaosoma. Mpe maswali matatu ya kujikagua kabla ya kunakili: Nimeanza na herufi kubwa? Nimeweka nukta? Maneno niliyopigia mstari nimeyatafuta?

Umefanikiwa ukiona daftari linajibiwa. Mtoto akikuandikia "mmoja mweusi mmoja ana mabaka", unalo darasa.

## Hatua ya 7: Sifa yenye jina

"Safi sana" ikisemwa mara thelathini kwa siku haina uzito. Taja alichokifanya: "Leo umeandika n kwenye ndoo na kwenye ndege." "Ulisoma chungwa bila mimi." "Umerudi nyuma ukajirekebisha, nimeona."

Usimwambie ni sahihi wakati si sahihi. Watoto wanajua. Akisoma vibaya na wewe ukasema "vizuri", siku atakaposoma vizuri kweli neno lako halitakuwa na kitu ndani. Sema ukweli mdogo: "Silabi ya kwanza umeipata. Tuangalie ya pili."

## Hatua ya 8: Kazi ya nyumbani

Mwombe mzazi jambo moja: dakika kumi za kumsikiliza mtoto akisoma andiko ambalo ameshalisoma darasani. Lisiwe jipya. Nyumbani ni mahali pa kuonyesha anachokiweza.

Mzazi au bibi asiyejua kusoma anaweza kazi hii kabisa. Akae karibu, asikilize, kisha aulize: "Enhe, mbuzi akafanyaje?" Mtoto anayemsomea bibi anakuwa yeye ndiye mwenye elimu pale mkekani, na sijaona dawa ya woga inayolishinda hilo.

Waambie wazazi yafuatayo bila kuzunguka. Wasimpige kwa kukosea kusoma. Wasimlinganishe na kaka yake au mtoto wa jirani. Wasimwite asome mbele ya wageni bila kumwuliza. Na wakiona nukta moja tu kwenye ukurasa wenye makosa kumi, wajue mwalimu ameyaona yote. Hili la mwisho lieleze kwenye kikao cha kwanza kabisa, la sivyo utaletewa daftari mlangoni: "Mwalimu, mbona husahihishi?"

## Ukikwama

Anasoma haraka na kubuni maneno. Funika picha. Mpe sentensi zenye maneno yanayofanana: "Juu ya meza kuna kalamu", "Juu ya meza kuna karanga". Asome kwa kidole, silabi kwa silabi, kwa siku chache tu, kisha umwachie kasi yake.

Amekataa kuandika kabisa. Aseme, uandike wewe sentensi yake, kisha anakili neno moja tu analolipenda. Kesho mawili. Usimwulize mbele ya wenzake kwa nini haandiki.

Anaacha irabu moja kwenye "kaa", "mzee", "choo". Mpe kufa na kufaa. Makofi mawili, makofi matatu. Hatasahau.

Nyumbani hawaongei Kiswahili. Fundisha neno kwa mdomo na kwa kitu chenyewe kabla ya kulisoma. Kuunganisha silabi na kupata neno usilolijua hakumpi mtoto furaha yoyote.

Miezi inapita, umefuata hatua zote, na hakuna mabadiliko. Chunguza kabla ya kumwita mzito. Msogeze mbele uone kama anapata herufi za ubaoni. Simama nyuma yake, tamka "pa, ba, ta, da" kwa sauti ya kawaida, arudie. Akikosa, ongea na mzazi ampeleke kupimwa macho na masikio. Nilikuwa na mtoto aliyeandika "dizi" na "dege" mwaka mzima, akawa anakaa dawati la mwisho karibu na dirisha la barabarani. Alikuwa na usaha sikioni. Baada ya matibabu, na dawati la mbele, aliiandika n.